Nilimshusha Mwangi kilo sita ili asichukue nafasi yangu kwenye timu ya mieleka

Wakuu, salamu kwenu nyote, mlio kazini na mlio kitandani na simu.

Nimekuwa msomaji wa kimya hapa kwa miaka. Leo naandika, na sitapunguza chochote, hata pale ninapoonekana mtu mbaya. Jina la mwenzangu tu ndilo nimebadilisha.

Nilikuwa captain wa timu ya mieleka kwenye college moja hapa Thika. Kabla hamjaanza kunicheka, si ile ya TV ya kupigana na viti. Hii ni ya mkeka, refa na mizani. Unapimwa asubuhi, na ukizidi kilo za kundi lako hata kidogo, unabeba begi lako unarudi nyumbani.

Mimi nilikuwa kundi la kilo 70. Kila kundi lina nafasi moja tu kwenye timu.

Kwetu kulikuwa na desturi. Mtu yeyote mwenye kilo zako alikuwa na haki ya kukuita mkekani Ijumaa, timu nzima ikitazama. Akikulaza, nafasi ni yake. Hakuna rufaa, hata kama wewe ni captain.

Halafu akaja Mwangi.

Mwangi ni wa Kamenu, mtoto wa pekee wa mama yake. Kilo 71, moja tu ya kutoa aingie kundi langu, mwili mkavu, hana mafuta ya kupunguza. Nguvu hakuwa nazo nyingi, lakini alikuwa mlaini ajabu. Split, ile ya kutanua miguu, alikuwa anashuka mpaka chini huku anakupigia story. Ukimshika mguu, anakuachia uende nao, kisha unashangaa yuko mgongoni mwako.

Siku moja tulibaki wawili gym, tukachezacheza tu. Akanilaza mara mbili. Tulicheka, lakini mimi nilicheka kwa mdomo tu.

Ijumaa ilipofika hakuniita. Aliniheshimu. Ila nilijua heshima hiyo haitafika mwisho wa muhula.

Jumatatu nikamwambia, "Bro, kundi ya 65 iko wazi. Shuka, hiyo medal ni yako. Mimi mwenyewe nitakusimamia."

Wakuu, alifurahi. "Captain, unaniona hivyo kweli?"

Coach wetu alikuwa anatoka Ruiru, anakuja Jumanne peke yake. Hakufurahia hiyo plan. Akatuita pembeni.

"Huyu hana mahali pa kutoa kilo sita," akasema. "Kama ni lazima, ni pole pole, na anakula. Na wewe captain, kila siku uangalie split yake. Siku ikikataa, mwili imeishiwa maji. Unamsimamisha hapo hapo, unanipigia."

Akanipa daftari ya kuandika.

Mashindano yalikuwa wiki nane mbele. Wiki tano za kwanza tulifuata maneno ya coach na kilo tatu zikatoka vizuri. Kisha mwili ukagoma. Mizani ikakwama kwenye 68 na siku zinaenda.

Mjomba wangu ana greenhouse ya nyanya Ruiru. Wakati huo alikuwa amevuna, iko tupu. Nikampeleka Mwangi huko saa saba mchana, na sweta tatu na koti la mvua la mtu wa boda juu yake. Tukawa tunafanyia stretching humo ndani. Nilimwambia joto linalainisha misuli, kwa hivyo anapata faida mbili kwa mpigo.

Mimi nilikuwa nakaa nje kivulini na soda yangu.

Siku ya nne split ilikataa. Alifika nusu akakwama kama mkasi wenye kutu.

"Captain, mguu imekataa."

"Ni uoga. Pumua, ushuke."

Alijaribu tena. Midomo ilikuwa imepasuka na jasho halikuwa linatoka tena. Niliyaona hayo yote. Nilikuwa na simu mfukoni na namba ya coach.

Nikachukua daftari nikaandika: split sawa.

Niliandika hivyo siku nne mfululizo. Jumanne coach alipokuja nikamwambia Mwangi ana CAT, mtihani wa darasani. Akafungua daftari, akasoma, akaridhika. Sikusahau na sikukosea. Nilitaka kilo zifike ili nilale usingizi.

Asubuhi ya mashindano alipima 65 kamili. Tulimpigia makofi.

Mechi yake ya kwanza, dakika ya pili, alijaribu kujikunja daraja ili mabega yasiguse mkeka. Kitu alichokuwa anakifanya bila hata kufikiria. Mgongo ukakaza, miguu yote miwili ikajikunja, akaanza kupiga mayowe. Refa mwenyewe alishtuka.

Hospitali walisema mkojo ulikuwa na rangi ya chai isiyo na maziwa. Misuli ilikuwa imevunjikavunjika na uchafu wake umeziba figo.

Hayo niliyasikia kwa coach, kwa sababu mimi sikuenda. Nilikuwa na mechi mchana. Nililazwa mkekani kabla hata dakika moja haijaisha.

Sasa ni zaidi ya mwaka. Figo hazikurudi. Mara mbili kwa wiki Mwangi anafungwa kwenye mashine ya kusafisha damu, na maji ya kunywa anapimiwa kwa kikombe. Coach aliacha kufundisha, anaamini kipimo chake cha split ndicho kilichotudanganya.

Mwezi uliopita nilienda Kamenu kumwona. Mama yake alikuwa na wageni wa kanisa, akanishika mkono. "Huyu ndiye captain wake. Alikuwa anamshughulikia kama ndugu yake. Mungu akubariki, kijana wangu."

Akanimiminia chai, kikombe kikajaa. Mwangi akanitazama nikinywa.

Kisha akasema polepole, "Captain, pole. Nilikuangusha siku ile."

Nilimjibu "usijali". Kisha nikamaliza chai yangu.

Kwa vijana mnaocheza: mwili uliokuwa unanyooka jana na leo umekataa, usibishane nao. Kunywa maji, kula, panda kundi la juu hata kama captain anakaa huko. Na kama wewe ndiye captain, mwache kijana akulaze mbele ya watu. Aibu ya Ijumaa inaisha Jumatatu.

Mnitukane tu, nimejiandaa, ila coach mumwache, yeye alinionya.

Jumamosi narudi Kamenu. Nimeshafika kwenye mlango ule mara tatu nia ikiwa kusema ukweli, na mara zote nimeishia kunywa chai. Kama kuna mtu hapa aliwahi kukiri jambo kama hili mbele ya mama wa mwenzake, naomba aniambie alianza na neno gani.