Nzi Wa Dania Yangu

Hamjambo marafiki, nyinyi na watoto wote?

Leo keateka, msimamizi wa nyumba, amepanda kwenye paa la ploti yetu hapa Huruma na sufuria ya maji moto, amwagie gunia zangu nilizopanda dania.
Majirani wamemwambia nimefuga nyuki.

Nikamwambia, "Baba, hao ni nzi wa maua. Ndio wanafanya dania ishike mbegu."

"Nzi wa mistari kama nyuki, Mama Sharon? Haya, mshike."

Na mnajua nyuki akiniuma mimi hufura mpaka koo.

Nikafunika mmoja na kiganja. Nikangoja.
Hakuniuma.

Keateka akasema, "Huyo amekuogopa tu. Kesho asubuhi narudi na maji yangu."

Mbegu bado ni changa, siwezi kuzivuna leo. Mwenye kuwajua hawa nzi aniandikie haraka, nimsomee keateka kabla hajamwaga.