Shemeji hakubali mbuzi wa soko aingie boma yake, lakini samaki mgeni alimmwaga kwa tanki yangu bila karantini

Wakuu, supa sana, hiyo ni salamu ya Kimaasai.

Haya yalinipata mimi mwenyewe, sebuleni kwangu, hapa Kitengela upande wa Noonkopir. Sawa, wanaonijua wanajua huwa naongeza chumvi kidogo. Lakini mifupa ya hii stori ni ya kweli, nyama tu ndiyo nimeweka.

Na niko na hasira. Hii uzi nimeianza mara nyingi nikafuta, kwa sababu ilikuwa inatoka matusi tupu.

Kwa wale hawanijui, mimi ni fundi wa stima. Form Four nilimalizia masomo ya jioni, nikiwa na ndevu, bibi na mtoto. Biology tulisoma stima ikiwa imepotea, mwalimu ameshika tochi kwa meno. Lakini maisha ya kupe, vile anapanda ng'ombe, ananyonya, anaanguka kwa nyasi, anazaa jeshi, hiyo niliishika hadi kaburini.

Mkumbuke huyo kupe. Tutamrudia.

Sasa, niko na tanki ya maji ya chumvi. Tanki refu kama jeneza la chifu. Ndani kuna mawe ya bahari, matumbawe, kamba wadogo wa kusafisha, na samaki.

Kila mgeni akiingia husema, "Si borehole yetu iko na chumvi, weka hiyo tu!" Ndugu yangu, maji ya borehole ya huku yamepaka meno ya kaunti nzima rangi ya chai. Samaki wa bahari atakufa kabla umalize kufunga mfereji. Mimi husafisha hayo maji kwa filter hadi yanakuwa maji ya malaika, ndipo nachanganya na chumvi maalum ya aquarium.

Wenye tanki walikuwa clownfish wawili, wale wa rangi ya chungwa na mistari myeupe. Msichana wangu Nashipai aliwapa majina ya shuleni kwao. Jike ni mkubwa na mkali, anaitwa Madam. Dume ni mdogo, wa kutumwatumwa, anaitwa Deputy.

Na wakati huo walikuwa wametaga. Mara ya kwanza tangu niwanunue!

Mayai yako kwa jiwe moja kando ya glasi, mengi, yanang'aa. Na kwa hawa samaki anayelea ni dume. Deputy alikuwa anakaa hapo mchana kutwa akipepea mayai na mapezi yake yapate hewa. Nashipai alikuwa hanywi chai kabla ya kumwangalia. Darasa lake lote lilishaambiwa kwamba kwao kuna watoto wanakuja.

Basi Jumapili moja wakwe wakatutembelea. Mama mkwe, mashangazi, na ndugu ya bibi yangu, shemeji Lemayian. Huyu Lemayian anafuga na kuuza mbuzi huko Isinya. Alikuwa ametoka Mombasa kupeleka mzigo wa mbuzi, na huko jamaa fulani akamuuzia samaki, ati zawadi ya Nashipai.

Wakuu, samaki alikuwa mrembo hadi nikasahau kusalimia watu. Bluu kama sare mpya ya shule, mgongo wa njano, uso mweusi. Wanaofuga wanamjua: powder blue. Uzuri wote huo, na hakuna samaki anayebeba white spot, ule ugonjwa wa chembe nyeupe, kumshinda. Ni kama gari la harusi lililobeba ugonjwa.

"Shem, asante sana," nikamwambia. "Huyu ataanzia store."

Kule store niko na tanki ndogo ya karantini. Heater yake, wavu wake, ndoo yake, hakuna kitu inaguswa na tanki kubwa. Mgeni anakaa huko wiki kadhaa nikimchunguza, hata kama hana alama yoyote mwilini. Ugonjwa hauji umevaa kitambulisho.

Lemayian akageukia watu. "Mmesikia? Nimetoa mgeni Mombasa, amesafiri usingizi hana, ati alale store na makopo ya rangi!"

"Ni sheria ya hii nyumba, shem."

"Hii nyumba ya dada yangu?"

Mashangazi wakacheka hadi chai ikamwagika. Mama mkwe hakucheka. Alisema pole pole, bila kuniangalia, "Zawadi ya mtoto haiwekwi nyuma ya nyumba."

Nyinyi mlioa Umaasaini mnaelewa. Mama mkwe akishasema, wewe unakuwa kiti. Hujibizani naye. Nikaweka mfuko wa samaki juu ya meza, nikamwambia Lemayian kwa sikio asiuguse, nikatoka nje kugeuza nyama choma.

Nikasikia makofi.

Kurudi ndani, mfuko ni mtupu. Amemwaga samaki NA MAJI YA MFUKO! Yote! Powder blue anazunguka tanki kama mbunge amerudi mashinani, na shemeji yangu amesimama hapo anapanguza mikono kwa suruali.

"Tayari nimemtambulisha," akasema.

Wakuu, hasira iliyonipanda ingewasha taa za Athi River yote. Lakini mama mkwe ameketi pale. Nikatabasamu. Nafikiri jino moja lilipasuka ndani.

Walipoenda nikajaribu kumshika. Kushika samaki kati ya mawe ni kama kushika panya ndani ya hardware. Nilichoka, nikalowa, Madam akaniuma kidole kwa sababu nilikaribia mayai. Nikaacha.

Haikupita hata wiki. Powder blue akaanza kujikwaruza kwa mawe. Kesho yake ana chembe nyeupe mwili mzima, kama mtu amemnyunyizia sukari. Halafu wengine. Halafu Madam. Halafu Deputy.

Sasa rudini kwa yule kupe.

Hii white spot ya bahari ni mdudu mdogo, parasite. Anaingia chini ya ngozi ya samaki, anakula siku chache, anashiba, anaanguka. Wewe mwenye samaki unaona chembe zimepotea, unafurahi, unapiga simu, "Amepona!" Amepona wapi? Mdudu ameenda kujificha kwa mchanga na mawe, anagawanyika mara mia, halafu hao mia wanatoka kutafuta samaki. Kila mzunguko ni jeshi jipya. Na wakiingia kwa matamvua, samaki anakosa pumzi ndani ya maji.

Nikauliza ushauri mtandaoni. Mmoja, weka kitunguu saumu. Nilikuwa napika pilau? Mwingine, mwaga dawa ya copper hapo hapo kwa tanki kubwa. Copper inaua huo mdudu kweli, akiwa anaogelea. Lakini inaua pia kamba na matumbawe, na mawe yanaifyonza. Dawa hiyo ni ya tanki ya store, na unaipima na test kit. Haipimwi kwa kifuniko cha soda.

Nikapigia Lemayian nimweleze alichofanya. Kwa sababu ni mfugaji nikatumia lugha yake. "Shem, umeniletea kupe. Kupe wa maji."

Akasema, "Kupe? Hiyo ni kazi yangu."

Jioni yake nimeinama store natayarisha mabeseni ya wagonjwa, nasikia Nashipai analia sebuleni, "Anko, hapana! Anko, wacha!"

Nikatoka mbio. Lemayian amefungua mfuniko wa tanki. Mkononi ana chupa ya dawa ya kuogesha mbuzi! Ile ya kupe! Kifuniko kimeshatoka! Na mtoto amening'inia kwa mkono wake kama nguo kwa kamba.

Tone moja la hiyo kitu, wakuu, na kila kinachopumua mle ndani kimeisha. Nilimpokonya hiyo chupa kwa nguvu za ng'ombe wawili.

"Si ulisema ni kupe?"

"Nilisema ni KAMA kupe!"

"Nasaidia!"

"Umesaidia ya kutosha!"

Mama mkwe hakuwa hapo, kwa hivyo nilifungulia. Nilisema yote ya Jumapili na mengine ya tangu harusi. Yeye naye akachemka. Na ndipo akasema ile kitu imenileta hapa kuandika.

"Ni samaki tu, Baba Nashipai. Nitakununulia mwingine."

Ni samaki tu.

Nilitoa wale wangeshikika, nikawapeleka store kwa dawa. Madam nilimpata. Deputy hakutoka. Kila nikileta wavu anajibana kwa lile jiwe la mayai, mwili umejaa chembe, anapumua kama amepanda Ngong Hills akikimbia, na bado anapepea. Nikasema kesho nitatoa jiwe lenyewe na yeye juu yake.

Asubuhi Nashipai alikuwa mbele yangu, amevaa sare, begi mgongoni.

"Baba, Deputy ameacha kupepea."

Hakulia. Angelia ningevumilia.

Mayai nayo yakawa meupe, yakaoza. Powder blue mwenyewe alishakufa, yule mgeni wa heshima. Waswahili walisema mgeni aje mwenyeji apone. Kwangu mgeni alikuja, wenyeji wakaanza kuisha.

Sasa sikilizeni nilichofanya, mnihukumu mkitaka.

Jirani yangu Mama Kevo anafuga mbuzi. Wako na chanjo zote, wanaogeshwa kuliko watoto wa hii estate. Nikaazima beberu mmoja. Nikamfunga leso ya maua shingoni kama zawadi ya harusi, nikampakia kwa pickup, moja kwa moja hadi Isinya.

Boma ya Lemayian iko na mbuzi kama mchanga. Mama mkwe ameketi mlangoni anashona shanga. Nikamsalimia kwa heshima zote, kichwa chini. Halafu nikavuta beberu wangu hadi kwa lango la zizi, nikaanza kufungua.

Wakuu! Lemayian alitoka nyuma ya nyumba mbio, ndala moja akaiacha hewani.

"Wewe! Wewe! Hiyo mbuzi imetoka wapi?"

"Soko ya Ngong, shem. Nimekuletea zawadi."

"Usifungue! Ameogeshwa? Ana chanjo? Nani anamjua?"

"Ni mgeni tu."

"Mgeni anafungwa kule nje kwanza! Huko mbali! Akikohoa nipoteze boma yote? Una wazimu?"

Nikashika lango vizuri. Nikasema kwa sauti ya kumfikia mama mkwe, "Mgeni amesafiri usingizi hana, ati alale nje? Zawadi inawekwa nyuma ya nyumba?"

Lemayian akarudi nyuma hatua moja.

Mama mkwe akaacha shanga. Akamwangalia mtoto wake.

"Lemayian," akasema. "Na yule samaki ilikuwa ni hivi?"

Lemayian alienda kuchukua ndala yake, na alichukua muda mrefu sana kwa ndala moja.

Beberu nikamrudisha kwa Mama Kevo na leso yake, hajaguswa na mbuzi yeyote. Mimi sikuwa nimeenda kuua mifugo ya mtu. Nilienda kumwonyesha kwamba haya mambo anayajua. Anayajua kuliko mimi! Hawezi kuruhusu mbuzi wa soko kulala na mbuzi wake hata akiletwa na askofu. Lakini kwangu, kwa sababu ni maji na ni ya kupendeza, akaona ni mchezo. Hiyo ndiyo inaniuma hadi leo.

Kesho yake alikuja. Alibeba pipa jipya la bluu, halijawahi kutiwa dawa yoyote, ili wagonjwa wapate nafasi. Nikamweleza kwamba tanki kubwa itabaki bila samaki hata mmoja, miezi miwili na zaidi. Kamba na matumbawe watakaa, huyo mdudu hawali. Samaki akikosekana, mdudu atatoka kwa mawe, atatafuta, atakosa, atakufa njaa.

Akaangalia ile tanki haina mtu. "Kumbe ni kupumzisha malisho," akasema.

Ndiyo, shem. Ni kupumzisha malisho. Ungeuliza tangu Jumapili.

Wiki iliyopita nilimrudisha Madam. Pezi moja limechanika, lakini ni mzima. Nashipai alimfungulia beseni yeye mwenyewe. Madam hakuzunguka kuangalia nyumba. Alienda moja kwa moja kwa lile jiwe, akakaa pale Deputy alikuwa anakaa.

Sijaandika hii ili mnionee huruma. Nimeandika kwa sababu juzi jamaa hapa amepost samaki wake mpya, mfuko unaelea ndani ya tanki kubwa, na chini watu wanaandika "hongera". Hongera ya nini? Nyinyi mtaenda mazishi?

Mgeni aanze karantini, hata akiwa msafi kama sahani ya Krismasi. Maji ya mfuko mwaga nje. Wavu wa karantini usiguse tanki nyingine. Yule aliyekuuzia akisema "ako fiti", mwambie asante, halafu ufanye kama hukusikia. Na kama mkwe wako anakuja kutembea, beba mfuko wa samaki hata ukienda kugeuza nyama. Mimi heshima ilinifunga mdomo, Deputy akalipa.

Jana pickup ya Lemayian ilisimama hapa. Nikatoka kumsalimia, sikumwona mlangoni. Alikuwa amezunguka nyuma, amesimama nje ya store na mfuko, ndani kuna clownfish mdogo wa kiume.

"Fungua," akaniambia. "Na mimi sitaingia sebuleni leo, nimeshika maji yake."

Deputy mpya yuko store. Nashipai ameweka kiti hapo.

Hasira imepungua, haijaisha. Kwa hivyo karibuni kwa comments: wewe mgeni wako alikaa karantini muda gani, na nani alikucheka? Na wale wa "ni samaki tu" pia mje. Mje hata mbele ya foleni.