Siku Mama Mdogo Alipochungulia Bidoni

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, Jumamosi ya pili ya mwezi wa kwanza, saa kumi na mbili na robo asubuhi, mama yangu mdogo Nabintu alifunua kitambaa kilichofunika bidoni ya samaki, akachungulia ndani, akatabasamu. Saa naikumbuka kwa sababu redio ya jirani ilikuwa imetoka kumaliza habari. Tabasamu nalikumbuka kwa sababu lilikuwa la kwanza tangu afike kwetu Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi. Katika nyumba yetu lilikuwa pia la mwisho.

Tumemzika juma lililopita. Nimejaribu kuomba na maneno hayaji, basi naandika kwanza.

Baba yangu alizaliwa kando ya ziwa Kivu, na kule Bukavu alikuwa mwalimu. Dzaleka hakuwa mwalimu wala mvuvi. Alikuwa mtu wa kupanga foleni, kama wengine wote. Kitu kimoja tu kilimfanya atembee ameinua kichwa, nacho ni kambale. Upande wa Madisi kulikuwa na mkulima mwenye bwawa, mtu mwema, aliyemruhusu kutega ndoana kila Jumamosi. Kambale wakubwa wa bwawa lile hawakugusa nyungunyungu. Walitaka samaki mdogo aliye hai, anayechezacheza kwenye ndoana. Samaki hao wadogo hawakuwepo bwawani, kwa hiyo Baba aliwakamata siku ya Ijumaa katika kijito kilicho chini ya kambi, kwa kipande cha chandarua, akawalaza nyumbani, na asubuhi akawapeleka kwa baiskeli.

Kuwakamata ilikuwa kazi ya saa moja. Kuwafikisha Madisi wakiwa hai, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Bidoni yake, dumu la plastiki la manjano, alikuwa ameikata sehemu ya juu. Hakuweka zaidi ya samaki thelathini, maana wakibanana wanamalizana pumzi. Maji yalikuwa ya kijito kilekile walikotoka. Bidoni ilikaa kivulini, imefunikwa kitambaa kilicholowa. Hakuwalisha hata chembe, ili wasichafue maji njiani. Aliyekufa aliondolewa mara moja. Asubuhi aliweka majani ya kijitoni juu ya maji ili yasirukeruke barabarani. Vijana wa kabaza walimcheka: wao baiskeli zao zinabeba watu wanaolipa, yeye abiria wake ni samaki. Baba aliwajibu kwamba abiria wake hawalalamiki.

Mimi nilikuwa na kazi ya kuwapa pumzi. Nilichota maji kwa kikombe, nikainua mkono juu, nikayamwaga taratibu humo humo ndani, ili yaingie na hewa. Kikombe hakikuwa na sabuni wala mafuta. Zaidi ya kikombe hicho sikuruhusiwa kugusa chochote.

Koko, mama mzazi wa Baba, alikuwa na masharti yake pia. Samaki wasihesabiwe kwa sauti. Mtu asipige mluzi karibu nao. Na aliyemfumba macho marehemu asiwaangalie. Koko alisema mtu wa namna hiyo hubaki na kifo machoni mpaka ndugu za marehemu wamwogeshe mtoni. Kabla ya hapo asitazame mayai yanayolaliwa, asitazame mtoto ambaye kitovu hakijadondoka, asitazame samaki wanaowekwa hai. Baba alishika masharti yake, Koko akashika ya kwake, na kwa kuwa samaki walifika hai, hakuna aliyeuliza ni masharti ya nani yaliyowafikisha.

Kisha akaja Nabintu, mdogo wa mama yangu. Alifika mwezi wa kumi na moja akiwa na mfuko mmoja. Mume wake na mtoto wake wa kiume walikuwa wamefia njiani kwa homa, kwanza baba, siku tatu baadaye mtoto. Aliwafumba macho yeye mwenyewe, wote wawili, kwa sababu hapakuwa na mwingine. Ndugu za mume wake walibaki Kongo. Nani angemwogesha? Hapa duniani alikuwa na sisi tu. Koko alimpa chakula, akampa mkeka, halafu siku ileile akamwonyesha vitu asivyotakiwa kuangalia. Nabintu aliitikia. Alikuwa mtu wa kuitikia.

Asubuhi ile Baba alikwenda kujaza upepo gurudumu. Mama alikuwa akiwasha moto nyuma ya nyumba, Koko alikuwa bado anasali rozari ndani. Nilikuwa nikiwapa samaki pumzi, na kwa uvivu, badala ya kusimama vizuri, niliegemea bidoni. Ikainama. Maji zaidi ya nusu yakamwagika, na nikabaki nawaona samaki wamelaliana chini, wanapanua vinywa.

Kijito kilikuwa mbali, na fimbo ya Koko ilikuwa karibu. Ndani ya mlango kulikuwa na ndoo ya maji ya kunywa. Miezi hiyo ya mvua watu waliogopa kipindupindu, na watu wa afya walikaa kisimani wakidondosha dawa katika kila ndoo. Tulifundishwa shuleni kwamba maji yenye dawa ndiyo maji salama. Nikachota humo, nikajaza bidoni. Yalikuwa meupe kuliko ya kijito. Samaki walikimbia huku na huku, nikadhani wamefurahi. Nakumbuka kwamba nilijisifu moyoni. Nikafunika kitambaa, nikafagia tope, nikakaa kando.

Hapo ndipo Nabintu alipopita akitoka kunawa. Aliniuliza kuna nini humo ndani, nami nikasema samaki. Akatazama mlangoni, akatazama huku na huku kama mtoto anayetaka kuiba sukari, akafunua pembe ya kitambaa.

"Banacheza," akasema.

Hilo ndilo tabasamu ninalolisema. Koko alikuwa ametokea mlangoni na rozari mkononi, akaliona.

Baba aliporudi, nusu saa baadaye, samaki wote walikuwa matumbo juu. Alipiga magoti kando ya bidoni. Alichota maji kwa kiganja, akayanusa. Akanitazama mimi, muda mrefu. Kisha akamwaga vyote nyuma ya nyumba na hakusema neno. Koko ndiye aliyesema.

"Nabintu, nilikuambiaka nini juu ya ile bidoni?"

"Koko, niliangalia kidogo tu."

"Njo vile. Na bwana yako pia uliangalia kidogo tu."

Mama alitoka na mwiko mkononi. Alimwomba mama mkwe wake, kwa heshima zote, amwache mdogo wake, kwamba hao walikuwa samaki tu. Koko akamjibu pole pole, bila hasira, na hilo ndilo lililokuwa baya:

"Leo ni samaki. Batoto iko bangapi mu hii nyumba?"

Tulikuwa wanne, na Mama alikuwa na mimba ya wa tano. Alitazama tumbo lake, akanyamaza. Mimi nilikuwa nimekwisha kunyamaza.

Kuanzia siku ile Nabintu alikula nje, amegeukia ukuta. Hakuna aliyemwamuru, alijipangia mwenyewe, maana katika watu wote wa nyumba ile yeye ndiye aliyeamini kuliko Koko. Alikuwa ametafuta sababu ya vifo viwili, na sasa amepewa. Mwezi wa pili alihamia kwa mjane mmoja Mnyarwanda aliyeshona nguo karibu na soko. Siku ya kuondoka nilisimama mlangoni, na maneno yalikuwa mdomoni mwangu, yote, ya bidoni na ya ndoo. Alinishika kichwa bila kunitazama.

"Nsimire, usiogope, mama. Nitakuwa naangalia chini."

Nilidhani anajua jinsi ninavyomwogopa. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa fimbo.

Miaka ikaenda. Koko alikufa akiwa amepakwa mafuta matakatifu, amesamehewa, na mimi sina ruhusa ya kumhukumu, ingawa nimemhukumu mara nyingi. Nabintu alihamia Lilongwe, mtaa wa Kauma, na cherehani yake. Alishona sare za kwaya za nusu ya parokia. Watoto walimpenda, lakini hakuwahi kumpokea mtoto mchanga mikononi. Watu wa kule walidhani ni uchungu wa mjane, wakamwacha.

Mimi nilipata kazi ya nyumbani kulekule Lilongwe, mtaa wa Area 47, kwa mama mmoja mwenye tangi la kioo lenye samaki wa rangi. Siku ya kwanza alinionya kwamba maji ya bomba yasimwagwe humo moja kwa moja. Yakae kwanza kwenye ndoo siku nzima, dawa ipungue, la sivyo yanawaunguza samaki mashavu na wanakufa ndani ya dakika chache. Nilikuwa nimeshika ndoo. Niliiweka chini, nikakaa sakafuni, na yule mama akaniuliza kama naumwa. Nilisema ni joto.

Kwa hiyo nilijua. Kauma si mbali na Area 47. Ningeweza kwenda Jumapili ileile baada ya misa. Nilijiambia ni jambo la zamani, kwamba ameshalisahau, kwamba nitamtonesha kidonda bure. Hayo ni maneno mazuri ya mtu anayeona haya.

Mwaka uliofuata nilijifungua mtoto wa kike. Nabintu alikuja hospitali, ameleta kitenge kipya alichokipinda mwenyewe. Alisimama mlangoni mwa wodi, uso ameugeuzia korido, akanyoosha mkono nyuma ili nikipokee.

"Mama mudogo, njoo umuone."

"Mi siangaliake batoto bachanga. Unajua."

Nilijua. Mama mkwe wangu alikuwa ameketi kitandani kwangu, na niliona haya kueleza mbele yake habari za bidoni na uongo wangu wa utotoni. Nikapokea kitenge. Nikasema aksanti. Nilisikia kandambili zake zikienda mpaka mwisho wa korido.

Binti yangu sasa ana miaka mitatu. Nabintu alimjua kwa sauti na kwa miguu.

Aliugua mwezi uliopita, akafa upesi. Nilifika Kauma akiwa bado ana joto, lakini hakusikia tena. Nilimwambia hata hivyo, yote, sikioni mwake, kuanzia nilipoegemea bidoni. Mtu akichelewa husema na yeyote. Kisha nikamfumba macho mimi mwenyewe. Wanawake wa jumuiya walikuwepo, wangeweza kufanya wao, niliwazuia.

Baada ya maziko nilimpeleka Baba pembeni, nikamuuliza kama anaikumbuka Jumamosi ile. Ni mzee sasa, na masikio yake hayasikii vizuri, lakini hakuniomba nirudie.

"Harufu ya dawa ilikuwamo," akasema. "Ningesema, koko yako angekuua na fimbo. Nikafikiri, Nabintu ni mutu mukubwa. Atavumilia."

Hivyo nililindwa. Baba alichagua nani apigwe, akamchagua aliyekuwa hana mtu. Yeye alinusa maji mara moja. Mimi nilijua kwa miaka minne, na nilikuwa na nauli.

Sijui kama kuna kifo kinachokaa katika macho ya mtu. Kanisa linaniambia hakuna, na samaki wa tangi waliniambia hakuna. Lakini niliporudi nyumbani kutoka maziko, mtoto wangu alinikimbilia, na kwa kitambo kidogo, Mungu anisamehe, niliogopa kumtazama. Basi nikaelewa alivyoishi mwanamke yule kila siku ya miaka yote ile, kwa ajili ya maji ya ndoo niliyoyachota mimi.

Nilimtazama. Nilimtazama sana, kwa ajili yetu sote wawili.

Bwana, mpokee Nabintu mtumishi wako, aliyefumba macho ya wapenzi wake na hakuna aliyemwosha. Umwoshe wewe. Mrudishie mume wake na mtoto wake. Mwinue uso, Bwana, mwambie hapo alipo hakuna kitu kinachokufa kwa kutazamwa, naye atazame mpaka atosheke. Na mimi usinipe raha kabla hujampa yeye. Amina.