Kongosho Nililolitazama Bila Ruhusa

Enzi za Wajerumani, reli ilipokwisha kufika Dodoma, nilikuwa mkalimani wa daktari wao. Mama yangu alikuwa Mgogo, na baba mfanyabiashara wa Kondoa, kwa hiyo Kigogo na Kiswahili vyote vilikuwa vyangu tangu utotoni. Awali nilikuwa mchinjaji, na nilijigamba mbele ya daktari kwamba hakuna kilichomo tumboni nisichokijua.

Siku moja mama mmoja wa upande wa Buigiri alimleta mumewe, amebebwa kwenye machela na kaka wawili wa huyo mume. Macho ya mgonjwa yalikuwa ya manjano na ngozi imechubuka kwa kujikuna. Daktari alidhani ni ini. Siku ya tatu asubuhi yule bwana akafariki.

Daktari alitaka kumpasua ajue kilichomuua, akaniagiza nimwombe mjane ruhusa. Nikamwuliza kwa Kigogo. Alijibu kwa kirefu: mumewe ameteseka vya kutosha, hataki akatwe, anaomba apewe mwili wake warudi nyumbani. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Kisha nikamgeukia daktari.

"Amekubali," nikasema.

Hakuna aliyenilazimisha. Nilitaka kuona, na nilitaka daktari azidi kuniona mtu wa maana.

Ndugu tuliwaambia wasubiri nje, mwili unaoshwa. Ndani, daktari aliinua tumbo la chakula na nyuma yake, kukatisha uti wa mgongo, kukawa na kinyama kirefu cha rangi hafifu, ndilo kongosho. Kinyama hicho cha ng'ombe nilikuwa nikiwatupia mbwa. Alinionyesha kichwa cha kongosho kilivyokumbatiwa na mkunjo wa utumbo wa kwanza, na mkia wake ulivyofika kwenye wengu. Kutoka kwenye mshipa mkubwa wa damu ulioshuka mbele ya uti wa mgongo, tawi moja lilikwenda kwenye wengu likijipindapinda juu ya ukingo wa kongosho na kulinywesha njiani. Kichwa kilipata damu kutoka pande mbili, juu na chini, kwa vijimishipa vilivyokutana. Nyuma ya shingo ya kongosho mishipa ya kurudisha damu iliungana kuelekea kwenye ini.

Kichwa hicho kilikuwa kigumu kama kokoto. Kilikuwa kimeubana mfereji wa nyongo, ndiyo maana macho yaligeuka manjano. Daktari alifurahi kuelewa. Na mimi nilifurahi. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Tulimshona. Nikamfunga kwa kaniki na kuwaambia ndugu wasimfungue, ugonjwa wake unaambukiza. Ulikuwa uongo wangu wa tatu siku hiyo.

Miezi kadhaa nilishindwa kula vizuri. Mwishowe nikaenda kwa miguu mpaka upande wa Buigiri, kwenye nyumba yao ya tembe. Mjane alikuwa akitwanga uwele. Nilichuchumaa mbele yake nikamweleza yote, bila kumtazama usoni.

Aliweka mchi chini. "Nilijua," akasema. "Mimi nilisema maneno mengi. Wewe ulimwambia daktari neno moja."

Nikamwomba radhi. Aliuliza tulichokiona, nikamweleza kwa kuchora mavumbini kwa kidole: kongosho, mishipa, mahali palipokuwa pagumu. Akauliza kama ni chakula alichompikia. Nikasema hapana, hata daktari asingeweza kumponya.

"Miezi yote hii nilidhani ni mimi," akasema.

Hapo ndipo nilipoona ukubwa wa nilichofanya. Jibu lake nilikuwa nalo tangu siku ile, nikakaa nalo kwa kuogopa kuumbuka.

Aliwaita shemeji zake, akaniamuru nirudie kila neno mbele yao. Nikarudia. Hawakunigusa. Mkubwa wao alisema tu nisikanyage tena pale kwao, na mjane akachukua mchi akaendelea na kazi.

Siku ya pili nilimwambia daktari ukweli. Alinikemea, kisha akaniuliza kama nitabaki kazini. Nilibaki, ila sikujisifu tena mbele yake.