Mustari Mweupe wa Boti ya Moba

Zamani zile nilijigamba kwamba hakuna kitu kinachoweza kunishangaza. Nilikuwa nimekwisha kuona nchi ikibadilishwa jina, walimu wakiuza mikate barabarani, na wakubwa wa serikali wakiomba sigara kwa wapagazi. Nani angenishangaza tena? Masomo niliyaacha mwaka wa tatu wa primeri, na leo nina maboti matatu majini, hakuna musumari hata mumoja niliopewa bure. Wenye diploma wanakuja kwangu kuomba nafasi ya magunia yao, nao wanavua kofia. Lakini mbele ya hapo nilikuwa mupaka rangi kwenye boti ya mutu mwingine, na habari yenyewe njo hiyo.

Boti ile ilikuwa ya chuma. Ilitoka Kalemie kwenda Moba, ikarudi na mahindi, unga wa muhogo na watu. Ubavuni ilikuwa na mustari mweupe, mupana kama vidole vitatu. Maji yakifika kwenye mustari, unaacha kupakia. Mukubwa wa bandari hakuhesabu magunia wala vichwa. Alisimama gatini na abakosti yake, suti ile isiyo na tai ya wakubwa wa serikali, akatazama kama mustari unaonekana. Unaonekana? Anapiga muhuri, anakwenda kunywa chai. Ukaguzi wote ulikuwa huo. Serikali nzima ilitegemea brashi yangu.

Mwenye boti akaniita siku moja.

— Papa, mustari huu uko chini sana. Upandishe.

— Kiasi gani, patron?

— Kiganja kimoja. Nani atapima?

Nikapandisha kiganja kimoja. Mwaka uliofuata, kingine. Kisha cha tatu. Sifichi: mukono ulikuwa wangu, na hakuna mutu bandarini aliyepaka mustari ulionyoka kama wangu. Nilikula mushahara, nikanyamaza.

Kisha muke wangu alikwenda Moba kuchukua mahindi. Alirudi bila mahindi, kikwembe kimelowa mpaka kifuani. Upepo uliwakuta katikati ya safari, maji yakaingia, watu wakatupa magunia ziwani ili wao wasitupwe. Aliketi kizingitini, akasema bila kupaza sauti:

— Baba, tulipoondoka Moba niliutazama mustari wako. Ulikuwa mukavu kabisa. Mimi njo nililowa.

Nikaenda kwa mwandishi wa barua aliyekaa na mashini yake mbele ya posta, muzee mwembamba aliyesoma kidogo kwa mapadri na kujiona karibu askofu. Nikamwambia yote. Akatoa kitabu cha sheria ya kazi, kimeliwa na mende pembeni.

— Inaandikwa hapa: mufanyakazi akimushitaki patron wake kwa serikali, hawezi kufukuzwa kwa sababu hiyo.

Nilicheka mpaka watu wa posta wakageuka. Katika nchi ile, karatasi imulinde mutu! Karatasi ile haikuweza kujilinda kwa mende.

— Basi, huandiki? akauliza.

— Andika. Na uweke makopi mengi, waogope.

Maana kwetu barua bila makopi haikuwa barua. Chini yake lazima orodha ndefu: kopi kwa huyu, kopi kwa yule, kwa taarifa. Kadiri orodha inavyorefuka, ndivyo barua inavyoheshimiwa. Muzee akaiandikia serikali kwa Kifaransa, akabandika tembre, stempu ya serikali, mimi nikaweka kidole. Makopi saba! Nilitoka pale nikitembea kama gavana.

Sikujua kwamba muzee, kwa adabu zake za kimisioni, kopi ya saba aliiandikia mwenye boti. Aliipeleka mwenyewe Jumatatu, pamoja na kaye yake, daftari ambamo anayepokea barua anapiga muhuri na tarehe.

Jumanne mwenye boti alinipepea karatasi ile usoni.

— Umenishitaki, halafu unanitumia taarifa! Wewe ni mupumbavu wa aina gani?

Siku ileile alinipa barua ya kufukuzwa. Sababu: ulevi. Mimi, ambaye lutuku sijaionja mpaka leo!

Majuma sita nilikalia benchi mbele ya biro ya ispekta wa kazi. Muke wangu aliuza sahani zetu, moja moja. Wapagazi wakipita waliniimbia:

— Mupisheni Papa Sheria! Papa, sheria imekupikia nini leo?

— Ugali wa karatasi! mwingine alijibu, na mboga ya tembre!

Juma la saba ispekta alituita wote, na muzee wa posta pia. Mwenye boti aliingia ananukia marashi, akaketi kabla ya kuambiwa, akamwita ispekta sitwayeni, mwananchi, kama ilivyoamriwa zamani zile.

— Sitwayeni ispekta, mimi sikujua kitu juu ya barua. Nilimufukuza mulevi. Barua nimeisikia nyuma ya kumufukuza, mitaani.

Muzee aliinuka. Alifungua kaye yake, akaiweka mezani. Muhuri wa biro ya mwenye boti, mwekundu, na tarehe: Jumatatu. Sekretere wake alipiga muhuri kila kitu kilichopita mulangoni; ungemuletea samaki, angepiga.

Ispekta akaweka barua yangu ya kufukuzwa kando yake. Jumanne. Alitazama moja, akatazama nyingine, akavua miwani.

— Muhuri huu ni wa nani, sitwayeni?

Mwenye boti alianza kukohoa.

Basi nikashangaa, mimi niliyesema sishangai. Nilirudishwa kazini na mushahara wa majuma yote, na mustari ukaamriwa urudi pahali pake pa zamani. Sisemi ispekta alinipenda. Nadhani alikasirika tu kudanganywa mbele ya muhuri, maana wale watu waliheshimu muhuri kuliko mama zao. Lakini sheria ile iliyoliwa na mende iliuma, na adabu za muzee, ambazo nilikuwa nimezilaani majuma sita, njo zilizoipa meno.

Mwenye boti alibaki na kisasi kimoja, kidogo kama yeye.

— Serikali imesema mustari urudi, akaniambia. Haikusema mimi ninunue rangi.

Nikainunua mwenyewe. Nilifuta mustari wa uongo, nikapaka wa kweli viganja vitatu chini, bandari nzima ikitazama, wapagazi wamenyamaza. Siku ile magunia tisini yalibaki gatini, na muke wangu akapanda kwenda Moba.

Yote yaliyonitoka mufukoni, barua, makopi saba, tembre na kopo la rangi nyeupe: pesa zaire mia moja na kumi na mbili, na makuta hamsini.