Sweta la Kijani la Baba

Ipo siku moja ambayo haijanitoka, mwanangu, mimi niliyetia chumvi kwenye chai juzi nikainywa yote kwa aibu. Ni siku tuliyompeleka mama studio ya picha mjini Nyeri, miaka ile ya mwanzo ya uhuru.

Baba alifariki nikiwa bado nabebwa mgongoni. Alituachia picha moja, ndogo kama kiberiti, nyeusi na nyeupe. Picha za rangi zilikuwa hazijatufikia. Fundi wa studio alikuwa akiikuza ile nyeusi na nyeupe, kisha akiipaka rangi kwa mkono, kwa pamba iliyozungushwa kwenye kijiti. Mashavu, tai, koti. Kila nyumba ilitaka. Kaka yangu Kariuki na mimi tukaamua mama naye awe na mume wa rangi ukutani.

Fundi Wafula, mtu wa Bungoma, alimuuliza mama koti lilikuwa la rangi gani. Kabla hajafungua mdomo, nikajibu mimi: bluu. Nilikuwa kidato cha pili, na msichana wa kidato cha pili hakosi jibu. Kariuki akasema kahawia. Tukabishana pale kaunta kana kwamba mmoja wetu aliwahi kuliona. Kusema kweli, nilitaka bluu kwa sababu kila sebule niliyoingia, marehemu alikuwa amevaa bluu.

"Hata hapa bluu ndiyo inatoka sana," Wafula akasema, akachovya pamba.

Mama akaweka kiganja juu ya picha. Hakupandisha sauti.

"Wambui, hiyo koti haikuwa yake. Aliazimwa hapo studio, akarudisha. Rangi yake hata mimi sijui. Nilikuwa naangalia uso."

Akatutazama mimi na Kariuki.

"Mkimpaka hiyo yenu, nitakuwa naiona kila siku mpaka nisahau ile yenye ninajua. Na mimi niko na hiyo moja tu."

Wafula akaweka pamba chini, akamuuliza, sasa taratibu, ni ipi anayoijua. Mama akaonyesha shingoni, mahali sweta lilipochungulia chini ya koti. Alilifuma mwenyewe, wakiwa wachumba, kwa uzi wa kijani kama majani ya viazi baada ya mvua. Wafula akachanganya rangi, mama akakataa. Hii imekolea, ile imepauka, ati hiyo ni ya kabeji. Wafula hakuchoka. Mwishowe mama akainama karibu na picha, macho yakamjaa machozi.

"Hapo," akasema. "Sasa ni yeye."

Picha hiyo iko sebuleni kwangu, ambako nami niko siku zote, maana hata safari ya Karatina hunichosha kabla sijavaa viatu. Baba ni kijivu kuanzia nywele hadi vifungo, isipokuwa hapo shingoni. Wageni huniuliza kama fundi aliishiwa na rangi. Huwaambia ndiyo, karibuni chai.

Mwanangu, wanaowajua watu wako bado wapo, pengine wako jikoni tu hapo. Waulize, kisha unyamaze wamalize. Hilo la pili mimi bado najifunza. Na pale ambapo hakuna anayejua, paache kijivu, usipajaze rangi ya jirani. Mungu akutunze, akuzeeshe vizuri, na akupe mtu atakayejua, bila kuulizwa mara mbili, sweta lako lilikuwa la rangi gani.