Tonge la Kwapani

Mganga wa ng'ombe wa Vudee haingii bandani kabla ya kuuliza, kwa sauti kavu, "Amekula nini?" Kisha hutega sikio ubavu wa kushoto. Ng'ombe, husema, hajui kusaga majani peke yake. Vinavyomsaidia ni vijidudu vya tumboni, vile alivyoonyeshwa kwenye darubini na bwana mifugo Mwingereza kule Same. Vikifa, mnyama hufa njaa na tumbo limejaa. Dawa yake ni moja: humpokonya ng'ombe wake mwenyewe tonge analocheua, lenye vijidudu hai, hulifunga kwa jani la mgomba na kulibana kwapani lisipoe, kisha hushuka nalo kwa mgonjwa. Shati lake upande huo limekuwa kijani, na sabuni imeshindwa.

Asubuhi moja Zipora, aliyemwita kwa ng'ombe wake, alimpokea mlangoni na kumwamkia kwa sauti ya kukatika. "Marahaba, mwanangu," akaitikia, akaingia bila kuuliza kitu. Ng'ombe pekee wa nyumba ile alikuwa ameshakufa. Pembeni palikuwa na beseni, na punje za mahindi zimetapakaa. Ng'ombe alikuwa amezaa juzi, na Zipora alitaka apate nguvu upesi. Mahindi mengi kwa mara moja huviua vijidudu vile. Mganga alichutama, tonge lingali na moto mkononi, asijue pa kuliweka.

Mume wa Zipora akatokea shambani, jembe begani. "Amekula nini?"

Zipora alifumba macho.

"Majani," akajibu mganga, huku mguu wake ukifukia punje chini ya matandiko, moja moja.